Tende, mafua na mguu mmoja uliovimba

Baba mkubwa alirudi kutoka Hija na dumu la zamzam, katoni ya tende na kikohozi. Kikohozi hakikumshangaza mtu. Mahujaji wa mtaani kwetu hurudi wakikohoa kila mwaka, na watu wamekipa jina, mafua ya Maka, kana kwamba nacho ni zawadi. Ndege ya kutoka Jeddah ilitua Dar es Salaam usiku. Asubuhi akapanda basi la Tanga, akakaa dirishani kama saa sita, na hata dereva aliposimama watu wachimbe dawa yeye hakushuka. Tangu jana yake alikuwa hanywi maji ili asisumbuliwe na haja njiani. Mwenye sukari kama yeye, aliyezoea safari za mabasi, ataielewa hesabu hiyo.

Nyumbani alipokewa kama anavyopokewa alhaji yeyote. Siku tatu majirani waliingia na kutoka, kila mgeni akapewa kikombe kidogo cha zamzam na tende mbili, na mwenyeji hawezi kumwacha mgeni ale peke yake. Siku ya nne homa ikapanda, akalala. Kwa kuwa hakuwa na hamu ya kula, mama mkubwa akaona insulini isimame kwanza: “Hajala, sindano itamwangusha.” Badala yake akapewa chai ya tangawizi na limau, na asali vijiko viwili. Zahanati ya kwanza walimpa antibiotiki na dawa ya kikohozi, wakamwambia apumzike. Waliuliza kama dawa yoyote inamdhuru. Hawakuuliza kama ana kisukari, na yeye, kwa adabu ya wazee wetu mbele ya koti jeupe, hakusema.

Siku ya sita shavu la mguu wa kushoto lilijaa, likawa gumu na la moto. Mama mkubwa akachukua mafuta ya nazi yenye karafuu akaanza kumkanda. “Huo ni uchovu wa tawafu tu, mwanangu,” aliniambia kwenye simu. Nimeandika habari za afya miaka mingi, na bado jibu hilo liliniridhisha siku nzima. Aliyetuzindua ni dada yangu, nesi, ambaye hata salamu hakumaliza. “Mguu mmoja au yote miwili?” akauliza. Tulipomwambia mmoja, akasema: “Acheni kumkanda. Mpelekeni hospitali sasa hivi, na asitembezwe.”

Bonge la damu lilikuwa limeziba mshipa wa paja. Mashine ya kupima sukari ilisoma milimoli 24 kwa lita, juu mno.

Naieleza habari hii kwa urefu kwa sababu hakuna mtu ndani yake aliyefanya jambo la kijinga. Kukaa kimya kwenye basi, kula tende na wageni, kunywa asali, kulala, kukandwa na mke wako: kila kimoja kina akili yake. Vikikutana ndani ya mwili mmoja wenye kisukari na kirusi cha njia ya hewa, vinakuwa kitu kingine. Na mfumo wetu wa afya hauna meza ambapo mtu anaketi kuvitazama vyote pamoja.

Rudolf Virchow, daktari wa Kijerumani wa karne ya 19, ndiye ambaye jina lake limebaki kwenye kanuni ya mambo matatu yanayoleta bonge la damu mahali lisipotakiwa. Damu ikitembea polepole mno, au ukuta wa ndani wa mshipa ukijeruhiwa, au damu yenyewe ikiwa rahisi kuganda, hatari inapanda. Yakikutana yote matatu inapanda sana. Ukiipima safari ya baba mkubwa kwa kanuni hiyo, damu polepole aliipata kwenye kiti cha ndege, kwenye basi na kitandani. Utafiti uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, matokeo yake yakatolewa mwaka 2007, ulionyesha kuwa safari ya kukaa saa nne au zaidi huongeza hatari ya mgando kama mara mbili. Si ndege peke yake: basi, treni na gari pia. Kwa mtu mzima mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, kama mmoja kati ya 6,000. Baba mkubwa hakuwa miongoni mwa hao 6,000.

Sukari iliyokaa juu miaka mingi huharibu utando wa ndani wa mishipa. Utando huo ukiwa mzima ni laini, na hutoa kemikali zinazozuia damu isigande ovyo na kuuacha mshipa utanuke. Ukichubuka, hata kwa kiwango kisichoonekana kwa macho, unaanza kutoa protini za gundi. Chembe sahani, zile zinazokimbilia kidonda na kukiziba, kwa mwenye kisukari huwa na haraka kuliko kawaida, hukusanyika kwa kichocheo kidogo tu. Halafu ipo fibrini, nyuzi zinazosukwa kuwa wavu wa kushika bonge. Sukari hujibandika kwenye protini inayotengeneza nyuzi hizo, kama inavyojibandika kwenye chembe nyekundu ambazo hospitali hutumia kupima sukari ya miezi mitatu. Matokeo yake ni wavu wa macho madogo. Wavuvi wa kwetu wanajua kokoro linavyokamata hata kisichotakiwa. Bonge la namna hiyo ni zito na gumu kuyeyuka, na tena wenye kisukari cha aina ya pili, hasa wanene, wana kiwango kikubwa cha protini inayowafunga mikono wale mafundi wa mwili ambao kazi yao ni kuyeyusha mabonge.

Hali hiyo ipo siku zote, hata siku mtu anapojisikia mzima. Kirusi kikija kinaikuta imesubiri.

Watu wengi hudhani homa ya mafua au UVIKO-19 ni ugonjwa wa kifua, basi. Kwa kweli mwili una desturi ya zamani ya kugandisha damu makusudi unaposhambuliwa, ili kuwafungia vijidudu njia wasisambae. Kinga inapopiga kengele, chembe nyeupe huanza kutoa vichocheo vya mgando, ini huongeza utengenezaji wa fibrinojeni, ile protini inayotengeneza nyuzi za fibrini, na kuta za mishipa huvimba. Kwa mtu mzima kengele hiyo huzimwa baada ya siku chache. Kwa mwenye sukari iliyo juu huchelewa kuzimika. Wakati huohuo homoni za mwili uliopatwa na shida, kotisoli na adrenalini, zinaliamuru ini limwage sukari kwenye damu, hata kama mgonjwa hajatia kitu mdomoni tangu jana. Hapo ndipo lilipokuwa kosa la ile hoja ya “hajala, sindano itamwangusha”. Sukari ilikuwa inapanda bila chakula. Ikishavuka kiwango ambacho figo zinaweza kuizuia, inatoka na mkojo na kuburuta maji ya mwili, damu inazidi kuwa nzito, mgonjwa anazidi kulegea, analala zaidi. Kujifukiza, tulikokumbatia sana mwaka 2020, kunaongeza jasho juu ya upungufu huo. Sisemi mtu asivute mvuke wa mchaichai pua ifunguke. Nasema mwenye sukari ya 24 chini ya blanketi anapoteza maji asiyokuwa nayo.

Ushahidi mzito kuhusu haya tuliupata kwa gharama kubwa, wakati wa korona. Hamburg, Ujerumani, madaktari waliwapasua wagonjwa 12 wa kwanza waliofariki kwa ugonjwa huo. Saba walikuwa na mabonge kwenye mishipa ya miguu ambayo hakuna aliyeyashuku walipokuwa hai, na wanne kati yao waliuawa moja kwa moja na bonge lililopanda mapafuni. Uholanzi, kati ya wagonjwa 184 waliolazwa vyumba vya uangalizi maalumu katika hospitali tatu, asilimia 31 walipata matatizo ya mgando, na hao ni watu waliokuwa tayari wanapewa dawa ya kuzuia. Watafiti wengine walipolinganisha mapafu ya waliokufa kwa UVIKO-19 na ya waliokufa kwa homa ya mafua, mabonge madogo kwenye mishipa midogo kabisa yalikuwa mengi mara tisa kwa wale wa UVIKO.

Upande wa kisukari, hesabu za Uingereza za mwaka 2020 zilionyesha kuwa theluthi moja ya waliofia hospitalini kwa UVIKO-19 walikuwa na kisukari. Barani kwetu, Shirika la Afya Duniani lilitazama takwimu za nchi 13 mwaka 2021 likakuta kuwa kati ya walioambukizwa wenye kisukari walifariki asilimia 10.2, wakati kwa wagonjwa wote kwa ujumla ilikuwa asilimia 2.5. Si wote hao waliuawa na damu iliyoganda. Wapo waliokufa kwa mapafu kushindwa, kwa figo, kwa sukari yenyewe. Lakini mgando unaweza kuchangia katika kila moja ya njia hizo.

Nisiibebeshe sukari kila kosa. Kwenye ateri, mishipa inayopeleka damu kwenye moyo na ubongo, hakuna ubishi: kisukari huongeza shambulio la moyo na kiharusi. Kwenye vena, zile za miguuni zinazorudisha damu, wataalamu bado wanabishana, kwa sababu ukiondoa unene, umri na magonjwa mengine, uzito wa kisukari chenyewe unapungua sana. Katika mguu wa baba mkubwa washtakiwa walikuwa wengi. Umri wake, safari, homa, ukavu wa mwili, kitanda. Mimi napenda ukweli huu usio mnyoofu, kwa sababu wengi wa washtakiwa hao wangeweza kuzuiwa na mtu yeyote nyumbani.

Kinachonitisha zaidi ni moyo. Utafiti wa Ontario, Canada, uliochapishwa mwaka 2018, uliwafuatilia watu waliothibitishwa maabara kuwa na homa ya mafua. Katika siku saba za kwanza shambulio la moyo lilikuwa mara sita zaidi ya ilivyo nyakati nyingine kwa watu haohao. Sasa chukua mwenye kisukari cha miaka 15, ambaye neva zake zimekufa ganzi kiasi kwamba anaweza kukanyaga kaa la moto asijue. Mtu huyo anaweza kupata shambulio la moyo bila yale maumivu ya kifua tunayoyajua. Atatoka jasho jembamba, atasikia kichefuchefu, atakosa pumzi kidogo, atajiona amechoka ajabu. Nyumbani watasema mafua yamemwingia mwilini.

Jambo la kwanza ambalo watu huuliza wakisikia haya ni: basi tumeze aspirini? Naijua ile ndogo, junia, inayouzwa hadi kwenye maduka ya mtaani. Jibu langu ni hapana, usianze mwenyewe. Jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY liliwapa aspirini maelfu ya wagonjwa wa UVIKO-19 waliolazwa, na vifo havikupungua, huku kutoka damu kukiongezeka kidogo. Aliyeandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo aendelee nayo, huyo ana sababu yake. Lakini sisi wa pwani tuna tatizo ambalo Waingereza hawanalo. Homa iliyoingia nyumbani Dar es Salaam inaweza kuwa dengue, kama ilivyokuwa 2014 na 2019, na aspirini ndani ya dengue inaweza kumfungulia mtu damu. Hata heparini, sindano ya kuzuia damu isigande iliyomsaidia baba mkubwa, ina adabu zake. Majaribio yaliyotolewa 2021 yalionyesha kuwa dozi kubwa iliwafaa wagonjwa wa UVIKO waliolazwa ambao hawakuwa mahututi, na haikuwafaa waliokuwa tayari mahututi. Dawa ileile, ugonjwa uleule, siku chache tu za tofauti.

Na kama kuna kitu ningekipigia marufuku kwenye maduka ya dawa, ni ile desturi ya kumpa mwenye mafua vidonge vya deksamethasoni au prednisoloni “vya kukausha kifua”. Deksamethasoni iliokoa maisha ya wagonjwa wa UVIKO waliohitaji oksijeni, hilo lilithibitishwa Juni 2020. Kwa asiyehitaji oksijeni haikuonyesha faida, na kwa mwenye kisukari inarusha sukari juu kama fataki. Muuzaji haulizi. Mnunuzi hasemi.

Nikumbushe na jambo la 2021, kwa sababu linaonyesha tunavyochagua cha kuogopa. Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai mwaka huo, chanjo ya Johnson & Johnson, na kwa majuma kadhaa kila kijiwe kilikuwa na mtu anayeeleza jinsi chanjo inavyogandisha damu. Hawakuwa wanatunga. Mgando huo upo, Marekani ulihesabiwa kama watu wanne kwa kila dozi milioni moja za chanjo hiyo, na baadhi yao walikufa. Ila katika vijiwe hivyohivyo sikumsikia hata mmoja akieleza jinsi ugonjwa wenyewe unavyogandisha damu. Uchunguzi wa Sweden uliohusisha zaidi ya watu milioni moja waliougua ulikuta hatari ya bonge la mguuni ikibaki juu hadi miezi mitatu baada ya maambukizi, na ya mapafuni hadi miezi sita. Bonge la sindano lilikuwa na watangazaji. La kirusi lilikwenda kimyakimya hadi kwenye cheti cha kifo, ambako mara nyingi liliandikwa nimonia.

Turudi kwenye ile meza isiyokuwepo. Hospitali nyingi nchini zina siku ya kliniki ya sukari. Unafika alfajiri, unapimwa kidole, namba inaandikwa kwenye kadi, unapewa dawa za mwezi na nasaha ya ugali mdogo na mboga nyingi. Ukikohoa, hapo si mahali pake. Unakwenda mapokezi ya wagonjwa wa nje, ambako kadi ya sukari unaiacha nyumbani kwa kuwa leo hukuja kwa sukari. Wa meza hii anatazama namba, wa meza ile anatazama kifua. Miguu haina mwenyewe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na wengi hawajui. Kwa hiyo daktari wa meza ya kifua huwaona kila siku, akiuliza asiulize.

Ninachodai si mashine. Kipimo cha D-dimer, kinachoonyesha mabaki ya mgando kwenye damu, kipo kwenye hospitali kubwa na kitabaki huko kwa muda, na ultrasaundi ya mishipa hivyohivyo. Nadai ukurasa mmoja wa Kiswahili ndani ya kadi ya kliniki, wenye kichwa “Siku ukiugua”. Uandike kwamba insulini haikatwi kienyeji, dozi inabadilishwa kwa kupima na kwa kupiga simu. Uandike kwamba mgonjwa anayetapika na kuhara aulize kuhusu metfomini, kidonge cha sukari, kabla ya kuendelea kuimeza. Maji, supu, uji usio na sukari, kidogo kidogo kutwa nzima. Pima kila baada ya saa chache, na hapa najua ninachokisema, kwa sababu stripu ni ghali na watu wanapima mara moja kwa wiki ili kikopo kifike mwisho wa mwezi. Siku za homa ndizo za kuzitumia. Amka kitandani utembee chumbani. Usipoweza kutembea, chezesha vifundo vya miguu. Mguu mmoja ukivimba, pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma unapovuta hewa, ukikohoa damu, mdomo ukienda upande, usingoje asubuhi.

Nadai pia chanjo ya homa ya mafua iwekwe kwenye kliniki za sukari. Shirika la Afya Duniani limewataja wenye magonjwa sugu miongoni mwa wanaostahili kuipata, na Saudi Arabia huwahimiza mahujaji waipate kabla ya kuondoka. Baba mkubwa alikwenda Hija na kadi ya homa ya uti wa mgongo, kwa kuwa bila hiyo viza haitoki. Ya mafua haikulazimishwa, na kisicholazimishwa kwetu hakifanywi.

Yuko salama. Anameza wafarini, dawa ya kuifanya damu isigande haraka, na imezua mgogoro mpya mezani. Kliniki ya sukari inamsihi ale mboga za majani kwa wingi. Kliniki ya damu inamwambia mchicha na kisamvu visipande na kushuka, kiasi kiwe kilekile kila siku, la sivyo dawa inayumba. Mama mkubwa ameamua kupima mchicha kwa kikombe cha chai.

Kwenye kadi yake ya sukari, pembeni ambako hakuna nafasi rasmi, nesi mmoja ameandika kwa kalamu nyekundu: “Akiugua mafua, tazama miguu.” Chupa ya mafuta ya nazi na karafuu bado iko dirishani pale chumbani. Siku hizi mama mkubwa anapaka nywele tu.